Koki haijifungui yenyewe

Mwanangu,

Marahaba. Meseji yako nimeisoma na ile picha nimeikuza mpaka mama yako akauliza natafuta nini humo. Unasema koki ya mafuta ya ile pikipiki inavuja, na unataka kujua ununue koki mpya nzima au ubadilishe mipira tu. Nitakujibu. Ila mbona hujaniambia inavuja wapi? Kwenye picha naona doa chini na kitambaa kimelowa, na kitambaa mimi sijawahi kukiona kinatoa ushahidi.

Kidole kwanza, spana baadaye. Hili umelisikia toka unavaa kaptula, na utaendelea kulisikia. Ifute koki yote iwe kavu kabisa, alafu pitisha kidole taratibu, anza juu pale inapokutana na tangi, kisha nyuma ya kile kimkono cha kufungulia, kisha chini kwenye kikombe cha uchafu, malizia na hozi. Petroli ina ubaridi wake, kidole kitajua kabla ya jicho.

Ukikuta unyevu juu kwenye tangi, hapo ni oringi, yaani mpira wa pete wa kuziba, au ni zile washa za bolti mbili. Angalia sana hizo washa, zinatakiwa ziwe za naironi au faiba kwa sababu kwenye matangi mengi tundu la bolti linatokea ndani kabisa kwenye mafuta, sasa mtu akipoteza ya naironi anaweka ya chuma, mafuta yanafuata nyuzi za bolti yanatoka, yeye anazidi kukaza. Anakaza mpaka nyuzi zinakwisha. Hiyo bodi ya koki ni chuma laini bwana, spana namba 10 mkononi mwa mtu mwenye hasira inatosha kuiua. Ukikuta unyevu kwenye kikombe, ni oringi ya kikombe, fungua safisha badilisha, haina maneno. Kwenye kimkono, ni ule mpira wa duara wenye matundu manne ulio nyuma yake, umekauka au umeliwa.

Lakini kuna uvujaji mwingine wa ndani ambao kidole hakiupati, na huo ndo umenifanya nikae niandike barua badala ya kukupigia simu.

Wewe ulikuwa na miaka 5 hivi, sidhani kama unakumbuka. Dada yako alikuwa na 13, na unajua alivyokuwa kwenye ile pikipiki, kuiosha ni yeye, kushika tochi ni yeye, na jioni nikiingiza stoo yeye ndo anayefunga koki. Ilikuwa kazi yake, nilimpa mwenyewe. Anazungusha kale kamkono mpaka kanakaa, alafu ananiangalia, mi naitikia kwa kichwa, basi tunaingia ndani.

Sasa asubuhi moja nafungua stoo nakutana na harufu ya petroli. Sikuijali, nikasema labda nilimwaga jana. Napiga kiki, kiki haiendi. Imegoma katikati kama imekutana na ukuta. Na mimi kwa ujinga wangu nikaipanda na uzito wote, mara mbili, tatu, mpaka goti likalia. Ndo nikachomoa plagi, nikapiga kiki tena, petroli ikaruka kutoka kwenye tundu la plagi ikanipata shingoni. Silinda ilikuwa imejaa mafuta! Na petroli haigandamizwi kama hewa, pistoni ikipanda inakwama hapo hapo, na kama ingekuwa na stata ya umeme yenye nguvu ningeweza kupinda konrodi, ule mkono wa pistoni, asubuhi ile ile. Nikachomoa kijiti cha oili, oili imepanda juu ya alama, nyepesi kama maji, inanuka petroli tupu.

Nikamwita dada yako. Koki jana nani alifunga? Mimi baba. Hukufunga. Nilifunga baba, mpaka ikakaa. Nikamwonyesha kijiti cha oili, kama yeye ni fundi, nikamwambia na haya mafuta yamepitaje, koki haijifungui yenyewe.

Alirudia mara moja tu, nilifunga. Alafu akanyamaza. Sikumpiga, hilo mama yako ni shahidi, lakini nilisema mbele ya watu waliokuwepo kwamba kazi ya koki nimemnyang'anya, na naona hilo lilimuuma kuliko fimbo.

Nikamwaga oili nikaweka mpya, na nikawa nafunga koki mwenyewe. Wiki tatu hivi, harufu ikarudi. Na safari hii aliyefunga ni mimi. Nilisimama pale stoo muda mrefu nikitafuta mtu mwingine wa kumlaumu, sikumpata. Usiku wake nikachomoa hozi kwenye kabureta nikaitumbukiza kwenye chupa, koki imefungwa kabisa, nikalala. Asubuhi chupa ina mafuta karibu nusu.

Nikafungua kale kasahani ka mbele, skrubu mbili, nikatoa springi, nikatoa kimkono, na ule mpira wa matundu manne huu hapa. Kati ya tundu na tundu kuna mfereji, mwembamba kama umechorwa na wembe, na ndani yake kuna punje ya kutu kutoka kwenye tangi imejichimbia. Kila alipozungusha yule mtoto, kila nilipozungusha mimi, ile punje ilikuwa inalima. Kimkono kinaonyesha kimefungwa, na kweli kimefungwa, mafuta yanapita kwenye mfereji tone kwa tone usiku kucha. Yakifika kwenye kabureta, ile sindano ya boya ndo ilitakiwa iyazuie, nayo ilikuwa na uchafu.

Kwa hiyo nilisema kweli, koki haikujifungua. Ilikuwa imefungwa muda wote, na aliyeifunga alifunga.

Nilibadilisha mpira usiku. Usiku, mwanangu, na taa ya stoo, kitu ambacho hata wewe nisingekuruhusu kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini unatafuta cheche. Nilifanya usiku ili asinione. Siku zilizofuata nikamwambia haya rudi kwenye kazi yako ya koki, kwa sauti ya kumsamehe, fikiria! Akasema funga tu mwenyewe baba. Hakushika tena ile pikipiki mpaka alipoondoka nyumbani.

Mama yako anasema nilitakiwa nimwambie siku ile ile. Mimi nikawa najiambia mtoto atasahau, ni koki tu, mzazi hawezi kuitisha kikao kwa sababu ya koki. Alafu nasema hapana, kama niliweza kumsema mbele ya watu ningeweza kumwambia samahani mbele ya watu hao hao. Alafu tena nasema mbona ameshakuwa mtu mzima ana maisha yake, nianze leo kumfukulia mambo ya stoo? Naenda narudi hivyo hivyo. Ule mpira ninao mpaka leo, uko kwenye kopo la skrubu, mama yako alitaka kuutupa nikamwambia uache.

Haya, swali lako. Pikipiki ni yako sasa na mimi sitaki kuamua. Ila kabla ya yote fanya ya chupa, hozi kwenye chupa usiku mzima koki ikiwa imefungwa, nje kwenye hewa, betri umechomoa. Na chomoa kijiti cha oili unuse. Kama inanuka petroli usiwashe, mwaga kwanza. Alafu toa mafuta yote kwenye tangi, vua koki, tazama ndani kwa tochi ndogo, kama kuna kutu safisha, maana ukiweka mpira mpya chini ya tangi lenye kutu umeipelekea ile punje chakula. Uso wa koki unaokaa kwenye tangi kama umepinda, weka msasa laini juu ya kioo uisugue kwa duara mpaka ing'ae sawasawa. Mipira tafuta ya nitrili au vitoni, petroli za siku hizi nyingine zina ethanoli, mipira ya zamani inavimba na kupasuka. Na tafadhali silikoni ya tyubu ya kuzibia usiiguse, petroli inailainisha, inakatika vipande, unaenda kuvitafuta kwenye jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta.

Koki mpya? Sisemi usinunue. Kama kale kasahani ka mbele kamepigwa rivet badala ya skrubu, pengine huna jinsi. Ukinunua pima matundu ya bolti katikati hadi katikati, zipo za 34 mm na za 44 mm, na usisahau mrija wa ndani, ukiwa mrefu au mfupi kuliko wa zamani utaishiwa njiani ukidhani bado una rizevu, mafuta ya akiba. Na sehemu ya kutokea mafuta ielekee kwenye kabureta. Nyingi za bei rahisi hazifanani na ya mwanzo hata kidogo, lakini sisemi. Mimi hiyo koki nimeifungua mara tatu na kila mara imekubali, sasa wewe uitupe kwa sababu ya oringi? Haya, nimenyamaza. Uamuzi wako.

Barua hii usimwonyeshe dada yako. Au mwonyeshe. Hapana, subiri, acha nimpigie mwenyewe kwanza, wiki hii.

Chupa iweke leo jioni, asubuhi niambie imeingia kiasi gani.

Baba yako