Seva tatu, foleni moja

Ndugu, seva zako tatu zinatuma SMS ileile mara tatu kwa sababu zote zinasoma mistari ileile ya foleni (jedwali la kazi kwenye hifadhidata) kwa wakati mmoja. FOR UPDATE, yaani kusoma mstari huku unaufunga ili wengine wasiubadili, peke yake haitoshi: seva moja inafunga mstari, mbili zinabaki zinasubiri. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 9.5, andika hivi:

SELECT id FROM kazi WHERE hali = 'mpya' ORDER BY id LIMIT 10 FOR UPDATE SKIP LOCKED;

Kila seva inaruka mistari iliyokwisha kufungwa na kuchukua inayofuata. Mzigo unajigawa wenyewe, maana seva iliyomaliza mapema ndiyo inayorudi kuchota tena.

Ila angalia sana, kufuli linadumu mpaka COMMIT, yaani amri ya kukamilisha muamala (kundi la amri zinazofanywa kama kitu kimoja). Usishikilie muamala huku unatuma. Badili hali iwe 'inatumwa', andika na saa, COMMIT, ndipo utume. Seva ikizimika katikati, saa hiyo itakuonyesha mistari iliyokwama.