Plamu za kuwahi: maswali ya wasomaji wa Moshi na Arusha

Nina kiwanja kidogo Pasua, Moshi mjini. Nikipanda plamu, nitakula kabla ya Krismasi?

Mama, hapo mti utanawiri na kukupa kivuli, lakini matunda usiyangoje. Moshi mjini ni chini mno, mita 800 hadi 900 tu, na mplamu hauchanui vizuri bila usingizi wa baridi. Mche huo upeleke kihambani, shamba la nyumbani kule mlimani, Kibosho au Marangu ya juu. Pasua panda embe.

Niko Ngaramtoni. Aina gani inawahi kuiva?

Kabla ya kuuliza inaiva lini, uliza inataka baridi kiasi gani. Baridi hiyo hupimwa kwa saa ambazo joto liko chini ya nyuzi 7. Plamu nyingi za Ulaya zinataka saa 700 na zaidi, na huko kwenu hazitazipata. Zinazotufaa ni zile zenye asili ya Uchina na Japani.

Mimi ningeanza na Methley. Ilitokea Afrika Kusini, inatosheka na baridi kidogo, inawahi, tena inajichavusha yenyewe, kwa hiyo hata mti mmoja unazaa. Tunda lake ni dogo, ngozi ya zambarau, nyama nyekundu hadi kwenye kokwa. Ukiling'ata, maji yanakufika kiwikoni. Ni laini, halivumilii safari ya gunia, lakini kwa mti wa nyumbani hilo si neno. Mti ukichanua mwishoni mwa Agosti, unachuma kuelekea Desemba, watoto wakifunga shule na ndugu wakianza kurudi nyumbani.

Santa Rosa, aliyoitoa Luther Burbank huko California mwaka 1906, naipenda zaidi kwa ladha. Ila inachelewa wiki kadhaa na inataka baridi zaidi, ifae wa Olmotonyi, walio juu zaidi yenu. Gulfbeauty na Gulfblaze za Chuo Kikuu cha Florida zinawahi sana, lakini zinahitaji aina nyingine ya plamu jirani inayochanua wakati mmoja nazo. Ukipanda mti mmoja peke yake, maua yataanguka yote.

Bibi shamba, shikamoo. Mplamu wangu una miaka mitano, majani tele, ua hata moja hakuna. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Mti wako haujalala. Usiku wa Julai hapa Arusha unatufanya tujifunike mablanketi mawili, lakini kwa mplamu hiyo bado si baridi ya kutosha. Unabaki na majani ya mwaka jana, nusu macho, nusu usingizini.

Basi ulaze wewe. Juni acha kumwagilia na usitie samadi. Katikati ya Julai vua majani yote kwa mkono. Lishike jani karibu na tawi, ulivute kuelekea ncha ya tawi, usilivute kurudi nyuma, maana kwapani mwa kila jani kuna jicho, na humo ndimo ua linamotoka. Kata matawi yaliyosongamana katikati, mti ubaki wazi kama bakuli. Yaliyosimama wima yainamishe kwa kamba. Mwanzoni mwa Agosti mwagilia maji mengi. Kila asubuhi nenda ukatazame: macho yatavimba kama punje za mtama, kisha utaona ncha nyeupe. Mwaka wangu wa kwanza kufanya hivi niliita majirani waje waone.

Nimeweka kokwa za plamu tamu za Lushoto. Nipande?

Zipande ziwe mashina ya kubebeshea tu, yaani ya kuunganishia kijiti cha aina unayoitaka, maana mti wa kokwa haufuati mama yake. Niliwahi kuuziwa kando ya barabara mche nilioambiwa umebebeshwa, nami sikukagua shina. Nilingoja miaka sita nikapata matunda makali kama ndimu. Tafuta kovu la kubebeshea, kama shubiri moja juu ya udongo. Kama una mpichi, nao hupokea kijiti cha Methley vizuri.

Plamu zangu zina funza ndani.

Huyo ni inzi wa matunda. Hutaga chini ya ngozi tunda linapoanza kulainika. Okota zilizoanguka kila siku, uzifukie nusu mita kwenda chini, usizitupe jalalani. Na usingoje ziive kabisa mtini. Chuma zikishabadilika rangi zikiwa bado ngumu kidogo, uziweke ndani kwenye ungo. Siku tatu nne zitakuwa tayari.