Jibu: reaksyo za putre yenye balkoni

Ndugu wa Bukavu, umesema putre yako (boriti) iko na mita 8, apui A (mahali putre inalala) mwanzoni, apui B kwenye mita 6, mita 2 zinatoka nje kwa balkoni, shaji (uzito) ya 12 kN/m, ni kusema kilonewton 12 kwa kila mita, inalala putre yote na kamukuta ka 9 kN kwenye ncha, ukapata reaksyo (nguvu yenye apui inasukuma nayo putre juu) A 45 na B 60, jumla 105 ni sawa, sasa juu ya nini prof alikata pointi?

Kosa iko kwa ile 96 kN (12 × 8). Uliiweka kwenye mita 3, katikati ya apui mbili, lakini shaji inafika mpaka kwenye ncha ya balkoni, kwa hiyo katikati yake ni mita 4. Shika momenti (nguvu mara umbali) kwa A: 96 × 4 + 9 × 8 = 456, gawanya kwa 6, B ni 76. A inabaki 29.

Na jumla haiwezi kukuonyesha hiyo kosa hata kidogo, maana A uliipata kwa kutoa B kwenye 105, lazima itaingia tu! Kamata momenti kwa B njo utajua: 96 × 2 − 9 × 2 = 174, gawanya kwa 6, 29 tena. Ya kwako 45 × 6 inatoa 270, haiingiane.

Halafu, tafadhali sana, juu ya B momenti ni 42 kNm na inavuta upande wa juu, kwa hiyo feri kubwa (vyuma vya ndani ya beto) za balkoni zinalala juu, si chini, na mafundi uwasimamie wakati wanazifunga.