Kutoka mezani kwa mtunga madodoso: je, tunaweza kupima watu wanajua sayansi kiasi gani?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Nilisoma kwamba Mmarekani mmoja kati ya wanne hajui kuwa Dunia hulizunguka Jua, nikapata hamu ya kujua hali ya watu wa kwetu. Nilitafsiri maswali ya utafiti huo kwa Kiswahili, kisha nikawauliza watu wazima 40 wa mtaa ninaoishi, kila mmoja akijibu “kweli” au “si kweli”. Zaidi ya nusu walikosea swali la viuavijasumu (antibiotiki), na swali linalohusu jinsia ya mtoto lilizua mabishano makali. Je, naweza kusema kwamba watu wa mtaa wetu hawajui sayansi ya msingi? Kama siwezi, nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, bado huwezi kusema hivyo. Hata hivyo, ulichokikusanya kina thamani kubwa, hasa hayo mabishano, ambayo nadhani uliyaona kama usumbufu. Nimefanya kazi ya kutunga maswali ya madodoso na kuyajaribu kwa watu kwa miaka mingi, na karibu kila kosa ulilolifanya nimewahi kulifanya mwenyewe.

Nianze na takwimu uliyoisoma, kwa sababu ni ya kweli. Inatokana na utafiti wa mwaka 2012 wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, uliowahoji watu zaidi ya 2,200. Asilimia 74 walijibu kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua. Hilo halikuwa jambo geni: mwaka 1988 watafiti waliuliza maswali ya aina hiyo Uingereza na Marekani kwa pamoja, na waliojua kwamba Dunia hulizunguka Jua mara moja kwa mwaka walikuwa asilimia 34 tu ya Waingereza na asilimia 46 ya Wamarekani. Nchi hizo zilikuwa na shule za kutosha, maktaba na televisheni karibu kila nyumba. Kwa hiyo, kabla hatujasikitika juu ya mtaa wako, tukumbuke kwamba mtu anaweza kumaliza shule, akafanya kazi na kulea watoto kwa miaka 40 bila kuhitaji hata siku moja kujua kipi kinakizunguka kipi.

Ila katika utafiti huohuo wa mwaka 2012 kuna jaribio dogo ambalo halitajwi sana magazetini, nalo ndilo linalolihusu swali lako. Nusu ya wahojiwa waliulizwa kama ni kweli kwamba binadamu wa leo walitokana na aina za wanyama waliotangulia, na waliojibu “kweli” walikuwa asilimia 48. Nusu nyingine waliulizwa jambo hilohilo, lakini sentensi ilianza na maneno “kwa mujibu wa nadharia ya mageuko”, na waliojibu “kweli” wakafika asilimia 72. Elimu ya watu haikubadilika kati ya kundi moja na jingine, kwa kuwa waligawanywa kwa nasibu. Kilichobadilika ni kile walichoombwa kukisema. Wa kundi la kwanza waliulizwa wanaamini nini, na wa kundi la pili waliulizwa sayansi inasema nini, na kuna watu wengi wanaojua vizuri sayansi inasema nini ingawa wao wenyewe hawaikubali.

Sasa urudi kwenye mabishano ya mtaani kwako. Nadhani sentensi yako ilisomeka hivi: “Baba ndiye huamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike.” Katika Kiswahili, kuamua ni tendo la mwenye nia. Mzee wa Kiislamu au mama wa Kikristo akisikia sentensi hiyo, atajibu kwa haki kabisa kwamba anayeamua ni Mwenyezi Mungu, nawe utamwandikia kosa, kumbe hakuulizwa baiolojia bali alijaribiwa imani yake. Baiolojia yenyewe haisemi kwamba baba anaamua chochote. Inasema kwamba yai la mama hubeba kromosomu (uzi mdogo wenye urithi) ya aina ya X siku zote, ilhali mbegu za baba ni za aina mbili, zenye X na zenye Y, na ile itakayotangulia kulirutubisha yai ndiyo itakayofanya mtoto awe wa kike au wa kiume, bila mtu yeyote kuchagua. Kwa hiyo ningeiandika sentensi hiyo hivi: “Kwa mujibu wa elimu ya uzazi, tofauti kati ya mtoto wa kike na wa kiume inatokana na mbegu ya baba, si yai la mama.” Nina sababu ya kulisisitiza swali hili kuliko la Jua. Bado kuna wanawake wanaosimangwa, na hata kuolewa mke mwenza juu yao, kwa kuwa “wanazaa mabinti tu”, na anayewasimanga ndiye mwenye mbegu. Kama kuna jambo moja la sayansi ya msingi ambalo ningetamani kila mtu mzima alijue, ni hili, na ndiyo maana haifai kulipima kwa sentensi yenye utata.

Swali la viuavijasumu lina tatizo jingine. Kwa asili linauliza kama dawa hizo huua virusi pamoja na bakteria, na jibu sahihi ni “si kweli”, kwa sababu hazina nguvu juu ya virusi. Huko Marekani, mwaka 2012, waliolipata walikuwa asilimia 51. Lakini hebu fikiria mama muuza vitumbua anaposikia neno “viuavijasumu”. Ni neno zuri, limo katika kamusi na katika mabango ya wizara, ila dukani yeye huomba amoksilini, au huomba vile vidonge vya rangi mbili. Bakteria na virusi wote kwake ni “wadudu”, neno ambalo hata mhudumu wa maabara hulitumia anapompa majibu ya malaria. Na neno “virusi”, kwa watu wengi wa rika lake, lilifika kwa mara ya kwanza likiwa limefungamana na Ukimwi. Nilipokuwa nikilijaribu swali hili, mwanamke mmoja alijibu “si kweli” mara moja, bila kusita. Nilipomuuliza sababu, akasema, “Virusi havina dawa, mwanangu, mtu anaishi navyo tu.” Kwenye karatasi alipata alama, lakini alikuwa akifikiria ugonjwa mwingine kabisa, na sikuwa nimepata habari yoyote kuhusu atakachofanya mjukuu wake akiugua mafua.

Ukitaka kujua atakachofanya, muulize hilo hasa: “Mtoto ana mafua na kikohozi chepesi tangu jana, anacheza na kula vizuri. Nyumbani kuna amoksilini iliyobaki kutoka ugonjwa uliopita. Utampa au hutampa? Kwa nini?” Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Akisema hatampa kwa sababu mafua hayaponi kwa dawa ya namna hiyo, amelielewa jambo lenyewe hata kama hajawahi kulisikia neno “bakteria”. Akisema hatampa kwa kuwa dozi iliyobaki haitoshi, ujue kwamba dozi ikitimia atampa, na hapo ndipo usugu wa vimelea dhidi ya dawa unapopata njia.

Kuhusu “kweli” na “si kweli”, ulipaswa kuongeza jibu la tatu, “sijui”, na kumhakikishia kila mtu mapema kwamba jibu hilo halina aibu. Usipoliweka, asiyejua hulazimika kubahatisha, na anayebahatisha kati ya majibu mawili hupatia mara moja katika kila mara mbili. Chukua mfano wa watu 100 walioulizwa swali moja, 70 wakapatia na 30 wakakosa. Ikiwa wote waliokosa walibahatisha, basi kuna wengine wapatao 30 waliobahatisha wakapatia, na waliojua kweli hawazidi 40 hivi. Tena wewe ni mwalimu wao, na wengine umewasomeshea watoto. Mtu wa kwetu akisomewa sentensi na mwalimu, mwelekeo wake wa kwanza ni kuitikia kwamba ni kweli, kwa heshima tu. Hivyo, sentensi ambazo jibu lake sahihi ni “si kweli”, kama ile ya viuavijasumu, zitaonekana ngumu kuliko zilivyo. Nusu ya sentensi zako ziwe za kweli na nusu zisiwe za kweli, na ikiwezekana muuliza maswali awe mtu mwingine, si wewe.

Lugha ya shule nayo ina mtego wake. Katika shule ya msingi watu wetu walisoma sayansi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari wakaisoma kwa Kiingereza. Mtu aliyefika kidato cha nne anaweza kukueleza jinsi jani linavyotengeneza chakula kwa kutumia mwanga, lakini akakwama kwenye neno “usanisinuru”, kwa sababu kwake somo hilo lilibaki katika lugha nyingine. Eleza jambo lenyewe kwa maneno ya kawaida, uache istilahi, isipokuwa kama unapima istilahi.

Kuna upande wa pili wa shilingi, nao ndio unaonisumbua zaidi katika kazi hii: mtu anayekosa alama ilhali ana elimu. Miaka kadhaa iliyopita nilimhoji mvuvi mmoja huko Bagamoyo, amekaa kando ya ngalawa akishona wavu uliochanika. Nilimsomea sentensi isemayo kwamba mvutano wa Mwezi ndio unaosababisha maji ya bahari kujaa na kupwa. Akasema, “Mvutano siujui.” Nikaandika sifuri. Kisha, tukiwa katika mazungumzo tu, akatazama juu, akasema mwezi leo una siku kumi na mbili, basi baada ya siku tatu nne bamvua litakolea, maji yatapwa mpaka miamba ya mbali ionekane na kina mama waende kuokota chaza na kuvua pweza. Halafu mwezi ukifika ishirini na mbili, ishirini na tatu, yatakuja maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Akaongeza kwamba kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana, na kwa mkono akanionyesha kiasi Jua linavyosogea angani katika muda huo. Kwa saa yangu ni karibu dakika 50, na ndivyo ilivyo. Alichokikosa mzee yule ni sababu iliyo nyuma ya mambo anayoyaona, na sababu ni kitu kikubwa, sitaki kuidharau. Lakini nimewahoji wahitimu wa vyuo walioandika “mvutano wa Mwezi” kwa kalamu nzuri, kisha wakashindwa kueleza kwa nini maji hujaa mara mbili kwa siku wakati Mwezi hupita utosini mara moja tu. Dodoso lingempa mhitimu alama moja na mvuvi sifuri, likaishia hapo.

Ndiyo maana ningekushauri kila swali liwe na “kwa nini” yake, walau kwa maswali mawili matatu. Jaribu hili la majira: kwa nini Januari huwa na joto kuliko Julai hapa kwetu? Wengi watasema Jua huwa karibu zaidi. Jibu hili linavutia kwa namna ya pekee katika nusu ya kusini ya Dunia, kwa sababu ni kweli kwamba Dunia hulikaribia Jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147 hivi, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152 hivi. Lakini sababu si hiyo, bali ni kuinama kwa Dunia: nusu inayolielekea Jua ndiyo hupata joto zaidi. Mwulize mhojiwa kama ana ndugu Muscat, kisha umwulize ndugu huyo hulalamikia joto mwezi gani. Atakumbuka kwamba ni Juni na Julai, wakati Dunia iko mbali na Jua. Hapo mwenyewe ataona kwamba umbali hauwezi kueleza joto la hapa na la kule kwa pamoja, na ukimwonyesha chungwa lililochomwa kijiti na kuinamishwa mbele ya taa, ataelewa mwinamo wa mhimili wa nyuzi 23.5 bila kuutaja. Katika maswali yote ninayoyajua, hili hunionyesha kwa haraka kuliko mengine kama mtu amekariri au ameelewa.

Juu ya hesabu za sampuli sitakaa sana. Watu 40, hata wangechaguliwa kwa nasibu, wanaacha nafasi ya kukosea ya asilimia 15 hivi kila upande, na wako hawakuchaguliwa kwa nasibu bali ni wale uliowakuta. Kwa hiyo, kama waliopatia ni asilimia 45, usitangaze kwamba wengi hawajui. Andika tu kwamba kati ya watu 40 uliowahoji, idadi fulani walijibu hivi na hivi, na uambatanishe sentensi ulizowasomea, neno kwa neno.

Kabla ya duru ya pili, wachague watu watano wasiokuwa katika orodha yako, uwasomee kila swali, na badala ya jibu uwaombe wakuelezee kwa maneno yao wamelisikiaje. Wawili kati yao wakilieleza kinyume na ulivyokusudia, libadilishe. Na usiwarudie wale 40 wa mwanzo, kwa sababu jioni ileile uliyowahoji walikwenda barazani wakalijadili swali la mbegu ya baba mpaka wakaafikiana au wakakosana, na sasa utakuwa unapima walichokisikia barazani. Anzia mtaa wa pili.