Nyuroni hawa au nyuroni hizi?

Swali: Natafsiri makala kuhusu gamba la ubongo wa panya, yaani tabaka lake la nje. Niliandika "nyuroni 133 tofauti wanaowasiliana", maana nyuroni, yaani seli ya neva, iko hai. Mwenzangu akafuta, akaweka "aina 133 za nyuroni zinazowasiliana". Nani kakosea?

Jibu: Umekosea wewe, tena mara mbili, ingawa kosa la kwanza nalielewa. Uhai wa sarufi si uhai wa biolojia. Mwembe uko hai, lakini hakuna asemaye "mwembe ameanguka". Upatanisho wa a-wa tunampa mtu, mnyama, mdudu. Panya anao; seli iliyo ndani yake haina. Kwa hiyo: nyuroni hizi za panya huyu. Wanaotuvuruga ni bakteria, kwa kuwa wao hujiishia peke yao na wengi wetu tumeshawapa a-wa (nami nimefanya hivyo sasa hivi).

Sasa hiyo 133. Neno nyuroni halibadiliki katika wingi, basi "nyuroni 133 tofauti" msomaji atazihesabu moja moja, seli 133. Kumbe kipande cha gamba hilo chenye ujazo wa milimita moja ya mchemraba kina makumi ya maelfu! Kinachohesabiwa ni aina, na neno hilo lazima litajwe.

Mwenzako naye kateleza kidogo. Ikiwa makala inazungumzia utafiti wa mwaka 2018 wa Taasisi ya Allen, kituo cha utafiti wa ubongo kilichoko Seattle, Marekani, zile 133 ni aina za seli, zilizopangwa kwa kuangalia jeni zinazofanya kazi ndani ya kila seli. Kati yake, 16 si za nyuroni. Zinabaki 117: 56 za kusisimua (zinazochochea nyuroni nyingine) na 61 za kuzuia (zinazozituliza).

Hapo ndipo utaona uzito wa "aina". Ukiandika "nyuroni za kuzuia ni nyingi kuliko za kusisimua", umedanganya; kwa idadi hazifiki hata robo ya nyuroni za gamba. Ukiandika "aina za nyuroni za kuzuia ni nyingi kuliko aina za kusisimua", kwa orodha hiyo umesema kweli.

Na ukifika kwenye seli za kikapu, zile ambazo nyuzi zake huuzunguka mwili wa nyuroni jirani kama kikapu kilichosukwa, usije ukaandika "kikapu kinazuia". Ni seli ya kikapu, nayo inazuia.