Kabla Hujanunua Pikapu ya Zamani, Lala Chini Yake

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Kaka, nimepata Land Cruiser pikapu ya mwaka 1994, hela ninayo, ila nyumbani wananicheka kwamba nanunua skrepa. Nifanyeje?"

Nunua, mdogo wangu. Na mimi nilichekwa. Mjomba wangu alisema mbele ya ukoo mzima, tena msibani, kwamba hela ya viazi nimeitupa kwenye chuma chakavu. Maneno yale bado yananiuma.

Pikapu yangu nayo ni Land Cruiser, aina ya HZJ75, injini 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli, haina turbo wala kompyuta. Mbele na nyuma imekalia eksili nzima, chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, na springi za bapa. Masika haya, kule Makete lami inapoishia, njia za mashambani ziligeuka uji. Kulikuwa na double cabin mpya ya tajiri mmoja, imewasha taa ya injini na kugoma kabisa, dereva anasubiri fundi aje na mashine ya kupimia kutoka Mbeya. Mimi nilishuka, nikaloki magurudumu ya mbele kwa mkono ili nayo yavute, nikaingiza gia fupi, nikapanda na mzigo. Kati ya magunia yale yalikuwemo ya mjomba. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza.

Siyo kwamba haiharibiki. Inaharibika, ila fundi wa kijijini mwenye spana na nyundo anaifungua palepale ilipolala, na spea zake hata Njombe mjini zipo. Hicho ndicho ninachokipenda: hakuna kitu ndani yake nisichoweza kukiona kwa macho na kukishika kwa mkono.

Sasa ushauri. Usinunue rangi, nunua chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima. Nenda na nyundo ndogo, lala chini, gonga chuma taratibu toka mbele hadi nyuma, hasa pale springi zinaposhikilia na bodi inapokalia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichi, simama ujiulize wanaficha nini. Gari lililoishi pwani likague mara mbili, chumvi haina huruma. Na Land Rover zisikudanganye: bodi ni alumini, haioti kutu, lakini chesisi yake ni chuma na inaoza kimyakimya.

Fika asubuhi na mapema, injini ikiwa baridi. Iguse kabla haijawashwa. Ukiikuta ya moto, mwuzaji kakuwahi, kaiwasha mapema ili usione inavyowaka ikiwa baridi. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali na pistoni ziende pamoja, ulibadilishwa lini. Kwenye 1HZ ukikatika, vali zinagonga pistoni. Asipojua, hesabu mkanda mpya kwenye bei. Halafu rudi tena chini ukaiangalie chesisi.

Vijana wenzangu, tuache kununua gari ili majirani watuone. Mzigo haujui gari ni la mwaka gani. Anayekucheka leo hakulipii marejesho ya mkopo kesho, basi usimpe usukani wa maisha yako.

Mwisho, kadi. Namba iliyogongwa kwenye chesisi ilingane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi. Magari haya yamepita mikono mingi, na mara nyingi kadi bado ina jina la marehemu. Ukikuta hivyo, dai kuonana na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na kabla ya hapo usitoe hata shilingi ya kishika nafasi.