Mwanangu, kozi haikufia darasani

Mwanangu mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha ya kuona umekabidhiwa watu, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unasema una watu tisa chini yako. Mwaka jana, kabla hujashika nafasi hiyo, wote walipelekwa kozi ya mfumo mpya wa kumbukumbu, wakarudi na vyeti, na hadi leo kazi iko vilevile: taarifa zinachelewa, makosa ni yaleyale, wawili ndio wanaobeba mzigo wa wote, na yule kijana uliyemkuta mchangamfu siku hizi hafungui mdomo kwenye kikao. Sasa wakubwa wako wamekutengea fedha za jambo moja tu. Ama kozi nyingine, ama kuajiri msimamizi msaidizi. Ndipo ukaniuliza, "Mama, mtu anafanya kazi vizuri kwa sababu amefundishwa, au kwa sababu anasimamiwa?"

Nakujibu hivi: usichague bado. Kwa jinsi ulivyoieleza, kozi ile haikufia darasani. Ilifia ofisini kwenu, wiki ya kwanza watu waliporudi. Ninalijua hilo kwa sababu niliwahi kuiua kozi ya mtu kwa mikono yangu mwenyewe, na sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa na umri kama wako, msimamizi wa ghala. Tulimpeleka mwenzetu mmoja, mwanamke makini sana kwenye hesabu ya mali, akasome wiki mbili. Alirudi Jumatatu na daftari lililojaa maandishi. Akanifuata pale mlangoni, akaniambia hakuna haja ya kufunga ghala kila mwisho wa mwaka ili tuhesabu kila kitu kwa mkupuo. Tungeweza kuhesabu sehemu ndogo kila siku, na bidhaa zinazotoka kwa wingi zikahesabiwa mara nyingi kuliko zile zinazolala. Malori mawili yalikuwa yanasubiri kupakuliwa. Nikamjibu, "Hayo ni ya darasani, hapa tuna utaratibu wetu." Hakubishana nami. Alilifunga daftari akarudi kazini. Mwisho wa mwaka tukafunga ghala siku nne nzima, na hesabu hazikukubaliana. Yeye hakuniletea wazo lingine tena, na mwaka uliofuata akahama.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Ada ilikwisha kulipwa. Mwalimu alifundisha vizuri, na mwanafunzi alielewa. Aliyeharibu ni mimi, kwa sentensi moja.

Watu wa rasilimali watu wana namna ya kulieleza jambo hili ambayo naipenda. Utendaji wa mtu, wanasema, unatokana na uwezo wake, ari yake na nafasi anayopewa, na vitu hivyo vitatu huzidishwa, havijumlishwi. Kwenye kujumlisha, pengo la kimoja hufidiwa na kingine. Kwenye kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kozi inagusa uwezo, na pengine ari kwa siku chache. Nafasi ya kuutumia ujuzi iko mikononi mwa anayepanga kazi za kila siku, yaani wewe. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Baldwin na Ford, walipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu mafunzo kuhamia kazini, wakayapanga mambo yanayoamua katika mafungu matatu: mwanafunzi mwenyewe, namna mafunzo yalivyoandaliwa, na mazingira anayorudi. Kwenye hayo mazingira waliweka msaada wa bosi na nafasi ya kukitumia ulichojifunza. Wakubwa wako wanalipia fungu la pili wakidhani wamelipia yote matatu.

Halafu kuna kusahau. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: tulichokariri huanza kututoka haraka sana, ndani ya saa na siku za mwanzo, kisha kupotea kunapungua kasi. Kwa hiyo mtu aliyesoma mfumo mpya Ijumaa, kisha akakaa majuma matatu hajapewa hata neno la siri la kuingilia, usimlaumu kwamba hakusikiliza.

Unapomfundisha mtu kazi wewe mwenyewe, na utalazimika kufanya hivyo, tumia njia niliyokuja kuijua baada ya ghala. Ilienea Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale viwanda vilipolazimika kuwafundisha haraka watu ambao hawakuwahi kushika mashine. Zaidi ya watu milioni moja walipitia mpango huo. Kwanza unamtayarisha, unajua anachokijua tayari na unamwondolea hofu. Kisha unamwonesha kazi hatua kwa hatua, na kila hatua unaitaja sababu yake. Kisha unamwachia afanye mwenyewe huku akikueleza kwa mdomo anafanya nini na kwa nini. Hapo usiharakishe, maana hapo ndipo utakapogundua alichokariri bila kukielewa. Mwisho unamwacha peke yake, unamwambia amwendee nani akikwama, na unarudi kumtazama, mara nyingi mwanzoni na mara chache baadaye. Wenye mpango huo walikuwa na msimamo mmoja mkali: mfanyakazi asipojifunza, basi mwalimu hajafundisha. Mimi niliupokea kwa shida, lakini nikiupima kwa kazi yangu ya miaka yote, naona ulikuwa wa haki.

Sasa nije kwa hao wawili wanaobeba wenzao, maana hilo si suala la kozi hata kidogo.

Sisi tumelelewa na methali kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli. Lakini mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapa watu kamba wavute, mmoja mmoja kisha kwa makundi, na mwaka 1913 akachapisha alichopima. Watu wanane wakivuta pamoja hawakufikisha nguvu ya watu wanane. Kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu aliyotoa akiwa peke yake. Sehemu ya hasara ilitokana na kutovuta kwa wakati mmoja. Sehemu nyingine ilikuwa ya moyoni: mwaka 1974 watafiti wengine waliwafunga watu macho, wakawafanya waamini kwamba kuna wenzao nyuma yao wanaovuta, kumbe hakuna anayevuta. Mvutaji akapunguza nguvu hata hivyo. Hawakuwa watu wavivu, mwanangu. Mtu asipoona mchango wake unaonekana, mwili wenyewe unalegea. Na tafiti zilizofuata zilionesha kwamba mchango wa kila mmoja ukitambulika, ulegevu huo hupungua sana.

Nikasoma tena barua yako, nikaona umeandika "tunatuma taarifa kila mwisho wa wiki." Ni nani hasa anayetuma? Kama taarifa ni ya wote tisa, basi ni ya wale wawili ambao dhamiri haiwaruhusu iachwe. Mpe kila mtu kipande chake chenye jina lake, na tarehe, na mtu anayekipokea kwake. Wala sisemi uwe askari wa kuwachungulia. Nataka kila mmoja aweze kunyooshea kidole kazi fulani na kusema hii ni yangu. Na hao wawili, tafadhali, usiwazawadie kazi zaidi. Ni kosa tunalolifanya tukidhani tunawaheshimu: anayefanya vizuri anaongezewa, anayechelewa anapunguziwa, na baada ya muda yule mzuri amechoka na mchelewaji amejifunza kwamba kuchelewa kuna faida.

Kuhusu msimamizi msaidizi, sitakuficha, silipendi wazo hilo kwa sasa. Piga hesabu. Watu tisa na wewe ni kumi, na kati ya watu kumi kuna jozi 45 za watu wanaoweza kupashana habari au kukosa kupashana. Ukiongeza mmoja zinakuwa 55. Kama habari hazitembei sasa, huyo mgeni atakuwa mlango mwingine wa kubisha hodi. Tena hofu yangu kubwa ni kwamba mtamchukua mmoja wa wale wawili hodari mkampa cheo bila kumfundisha kusimamia. Mtakuwa mmempoteza fundi mzuri, na msimamizi mzuri pengine hamtampata.

Lililonikaa moyoni kuliko yote ni huyo kijana aliyenyamaza.

Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza timu za wauguzi hospitalini na makosa ya kutoa dawa. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri pamoja ziwe na makosa machache. Takwimu zikamrudia kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonesha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba tofauti iko kwenye kusema. Kwenye timu nzuri muuguzi akikosea alimwambia msimamizi wake, kosa likaandikwa, watu wakajifunza. Kwenye timu nyingine makosa yalifichwa kwa hofu. Mwaka 1999 akachapisha utafiti mwingine kuhusu timu 51 za kampuni moja ya viwanda, akaonesha kwamba pale watu wanapojisikia salama kuuliza na kukiri kosa, timu hujifunza, na kupitia kujifunza huko utendaji hupanda.

Kwa hiyo kikao chako kikiwa kimya usifurahi kwamba mambo ni shwari. Jiulize mtu wa mwisho kukuletea habari mbaya ulimpokeaje. Uso wako ulikuwaje? Kwa sababu wengine wanane walikuwa wanautazama.

Na unapowaambia watu kuhusu kazi yao, chunga ulimi. Tumezoea kuamini kwamba mrejesho wowote ni dawa. Watafiti wawili, Kluger na DeNisi, walikusanya mamia ya majaribio mwaka 1996, wakakuta kwamba kwa wastani mrejesho unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya majaribio uliushusha utendaji. Maelezo yao ni kwamba maneno yakimhamisha mtu kutoka kwenye kazi na kumfanya aanze kuitetea nafsi yake, anapotea. "Taarifa hii haina tarehe ya kupokelewa, ndiyo maana wenzako hawawezi kuendelea" ni maneno kuhusu kazi. "Wewe huwa mzembe" ni maneno kuhusu mtu, na mtu huyo atalala usiku akikuwaza wewe wala si taarifa.

Kuna mambo ambayo hutayatibu kwa njia hizi. Mshahara usiotosha hautibiwi kwa kikao kizuri wala kwa cheti, na ukiona ndiyo shida, wapelekee wakubwa kama ilivyo, usiipake rangi. Na huenda kati ya tisa yupo ambaye kazi hiyo si yake kweli. Lakini usimhukumu kabla hujampa nafasi niliyoizungumzia.

Ningekuwa wewe ningewaomba wakubwa miezi miwili kabla ya kutumia hata senti. Katika muda huo keti na kila mmoja peke yake, nusu saa, umuulize: mwaka jana ulijifunza nini ambacho hujapata kukitumia, na ni nini kilikuzuia? Kisha nyamaza, andika. Majibu mengine yatakuwa madogo mpaka yakuumize: kompyuta inayogombaniwa na watu watatu, fomu ya zamani ambayo bado inadaiwa na idara nyingine hivyo kila kitu kinaandikwa mara mbili, mtu aliyejaribu njia mpya akachekwa. Hayo yaondoe kwanza. Yakibaki mapengo ya ujuzi kweli, hapo fedha zitajua pa kwenda, na huenda ukaona bora ziwalipie wale wawili wajifunze kuwafundisha wenzao, huku kazi zao nyingine zikipunguzwa kwa muda huo.

Anza na yule kijana. Usimwite ofisini kwako, mfuate mezani pake. Mwombe akuoneshe daftari lake la kozi, ulisome naye ukurasa kwa ukurasa, na malori yakiwa mlangoni yaache yasubiri kidogo. Halafu niandikie uniambie alikuwa ameandika nini.

Mama yako akupendaye.